Mbwa wa mbegu kali na watoto nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya naulizwa barazani, kwenye daladala, na mara moja niliulizwa nje ya msikiti huku natafuta viatu vyangu. Nafuga mbwa Fuoni, Unguja, nina watoto watatu, na nimekulia shamba, Pemba, ambako mbwa alikuwa wa kulinda mihogo isiliwe na nguruwe, basi. Mimi si daktari. Pale panapohitaji daktari nimesema hivyo wazi.

Nipe jibu moja tu: mbegu gani nisiilete nyumbani penye watoto?

Ukinibana sana nitakwambia hivi: mimi, nikiwa na mtoto wa chini ya miaka sita, simwingizi uani mbwa mkubwa wa ulinzi aliyekwisha kukomaa na ambaye sijui kalelewa wapi. Awe Boerboel, awe Rottweiler, pit bull, German Shepherd au chotara wao, kwangu ni mamoja. Hapo maneno ya kuyatia maanani ni "kukomaa" na "sijui kalelewa wapi". Mbwa wa namna hii wengi wanatuvukia kutoka bara wakiwa wameshauzwa mara mbili tatu, na muuzaji wimbo wake ni mmoja: "Huyu mpole, anacheza na watoto." Siku ya kuuzwa kila mbwa ni mpole.

Ukubwa nao una neno lake. Koko wa kilo kumi na tano akimuuma mtoto anaacha matundu. Mbwa wa kilo hamsini, kwa hasira ile ile, anang'oa nyama. Kwa hiyo mbegu inanieleza zaidi jeraha litakuwa kubwa kiasi gani. Kama jeraha litatokea au halitokei, hilo natazama kwengine.

Kwani si kweli kwamba pit bull na Rottweiler ndio wauaji?

Hofu hiyo haikutoka hewani. Marekani walikusanya habari za vifo vya watu waliouliwa na mbwa tangu 1979 hadi 1998. Vifo vilikuwa 238, na mbwa wa jamii ya pit bull pamoja na Rottweiler walihusika katika zaidi ya nusu. Mtu anayesema mbegu haina maana kabisa, hesabu hiyo inamkabili.

Lakini isome mpaka mwisho. Katika vifo hivyo zilitajwa mbegu zisizopungua 25. Hakuna aliyejua nchini mle wamo pit bull wangapi na mbwa wengine wangapi, na bila ya kujua hivyo huwezi kusema nani mkali kuliko mwenziwe. Kubwa zaidi kwetu sisi wenye nyua za ukuta na geti: pale habari zilipokamilika, asilimia 58 ya vifo vilitokana na mbwa waliokuwa wameachiwa huru ndani ya eneo la mwenyewe. Sasa fikiria nyumba ya Mwera au Kiembe Samaki. Mbwa anafunguliwa saa nne usiku, alfajiri mtoto anatoka kwenda mferejini (bombani) na ndoo yake kabla mtu hajamrudisha mbwa bandani. Hapo ndipo mimi ninapopaogopa.

Kisha 2022 ukatoka utafiti mwengine wa Marekani uliokusanya habari za mbwa zaidi ya 18,000 na kupima vinasaba vya zaidi ya 2,000 kati yao. Ukaona kwamba mbegu inaeleza kiasi cha asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa na mbwa. Kinachobaki ni malezi, umri, jinsia, maisha aliyopitia, na mbwa mwenyewe alivyo.

Mbona Uingereza wamewapiga marufuku?

Wamepiga, kweli. Sheria yao ya 1991 ilikataza mbegu nne: Pit Bull Terrier, Tosa wa Kijapani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Watu wakaendelea kuumwa. Ikatokea mbegu nyengine, XL Bully, ambayo 1991 haikuwapo hata kutajwa, nayo ikaua watu mpaka ikaongezwa kwenye orodha. Tangu tarehe 1 Februari 2024 huwezi kuwa naye Uingereza wala Wales bila ya cheti maalumu. Uholanzi nao walikataza pit bull 1993, wakaifuta sheria hiyo 2008 kwa sababu kuumwa hakukupungua.

Sisemi kwamba Waingereza hawana akili. Wao wana watu wa kukagua, wana vyeti, na kila mbwa ana mwenyewe anayejulikana. Sisi hapa nusu ya mbwa hatujui ni wa nani.

Kwetu mbwa wengi ni koko. Hao je?

Swali hili ndilo lingekuwa la kwanza, lakini watu huliuliza mwisho. Mtoto wa Unguja au Pemba akiumwa, mara nyingi anaumwa na mbwa asiye na jina la kizungu: mbwa wa jirani, mbwa wa shamba, mbwa wa pwani.

Koko kwa maumbile si mkali. Ni mwoga, na kukuona tu anajiondokea. Tatizo ni namna tunavyoishi naye. Hapa mtoto anafunzwa kwamba mbwa ni najisi, jambo la dini na halina ubishi, lakini yeye akilitafsiri anaokota jiwe. Kila mbwa anayepita anakula jiwe. Baada ya mwaka mmoja mbwa yule ameshajua kwamba kiumbe mfupi, mwenye sauti nyembamba, anayeinama chini, ni adui. Siku ikifika ambayo hana pa kukimbilia, atauma, na atakayeumwa huenda ni mtoto aliyeinama kuokota kandambili yake.

Wa pwani, Paje, Jambiani, Nungwi, wana mambo yao. Wanalishwa mabaki na wageni, hawaogopi mtu, na jioni wanatembea kundi. Mmoja wao peke yake hana shida. Watano pamoja, mtoto akianza kukimbia, wote watamfuata hata kama aliyeanza alikuwa anacheza.

Nitajuaje kwamba mbwa anataka kuuma? Wengine wanauma ghafla tu.

Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, "ghafla". Nikwambie ya kwangu.

Ilikuwa Idi Pili, saa nne asubuhi, nyumba imejaa wageni. Nilikuwa na mbwa dume akiitwa Bosi, chotara wa German Shepherd, kalelewa na wanangu tangu mdogo. Kalala chini ya mshokishoki. Mtoto wa dada yangu, miaka mitatu, kapiga kanzu yake mpya na kipande cha mkate wa kumimina mkononi, kamwendea na kumkumbatia shingoni. Sote tunacheka. Mtu kashika simu anarikodi.

Bosi aligeuza uso upande wa pili. Kisha akapiga miayo. Kisha akajilamba pua, na mkate haukuwa mbele yake. Kisha akamtazama mtoto kwa pembe ya jicho bila ya kugeuza kichwa, mpaka weupe wa jicho ukaonekana kama mwezi mwandamo. Mwili wote ukawa mkavu kama gogo. Mtoto akakaza mikono. Tukasikia kelele.

Alimuuma mara moja tu, akamwachia. Matundu mawili shavuni, chini kidogo ya jicho, moja likitoka damu kuingia kwenye ukosi wa kanzu. Video ile ninayo mpaka leo. Ni sekunde kumi na nane, na ndani yake mbwa aliomba mara nne aachwe. Watu wazima saba tulikuwa tunatazama, na hakuna hata mmoja aliyesikia.

Kwa hiyo angalia hizi: kugeuza uso, kupiga miayo bila usingizi, kujilamba pua bila chakula, weupe wa jicho, mwili kukakamaa, masikio kulala nyuma, mkia kubanwa kati ya miguu. Mkia kutikisika usikudanganye. Mbwa aliyekakamaa na mkia juu unatikisika kidogo kidogo hafurahi. Akinguruma, mshukuru na mwondoe mtoto. Usimpige kwa kunguruma. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma anajifunza kuacha kunguruma, halafu ndio mnasema kauma ghafla.

Mtoto wa umri gani anaweza kuachwa na mbwa peke yake?

Aliye chini ya miaka mitano, hata dakika moja usimwache, na mbwa yeyote, hata awe yule mdogo mweupe mwenye manyoya ambao watu wa mjini wanawapenda. Watoto wadogo huumwa zaidi usoni, kichwani na shingoni, kwa kuwa uso wao uko sawa na mdomo wa mbwa. Kwa wakubwa zaidi inategemea: mtoto anayeweza kumwacha mbwa akila, akilala na akilea watoto wake bila ya kumgusa, huyo ameanza kuwa tayari. Ninao wa miaka kumi na mbili ambaye bado hajawa.

Mara nyingi anayeuma ni mbwa ambaye mtoto anamjua. Watu hawapendi kulisikia hili.

Sisi wetu tunamfunga mnyororo mchana kutwa. Si ndiyo salama?

Salama kwa jirani, labda. Kwa watoto wako, hapana. Mbwa wa mnyororo hawezi kukimbia akiogopa, hivyo kabakiwa na njia moja tu. Watoto wanajua mnyororo unafika wapi na wanacheza mpakani pale pale, wanamrushia maganda ya muhogo, mpaka siku pete inapokatika kutu. Hewa yetu ya chumvi na vyuma hawapatani.

Jenga banda la wavu wa chuma lenye kivuli na mlango wenye kitasa kisichofikiwa na mtoto. Fundi wa geti wa mtaani kwako anaweza. Mtoe atembezwe kwa ukamba asubuhi na magharibi. Mbwa aliyechoka ana subira zaidi.

Nikichukua mtoto wa mbwa, nianze vipi?

Mchukue akiwa na wiki nane hivi; ukimtenga na mama yake mapema mno hajifunzi kuzuia meno. Tangu wiki ya tatu mpaka ya kumi na nne hivi ndipo kichwa chake kinapopokea dunia. Katika muda huo aone watoto, aone mabuibui, asikie honi ya bodaboda, adhana ya spika, mvua ya masika juu ya bati. Anachokutana nacho kwa wema wakati huo hakiogopi ukubwani. Akitimiza miezi mitatu apigwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Ukimtaka awe mlinzi, acha ile michezo ya kumchochea aume mikono ya vijana. Atakuja kuifanya kwa mkono usioutaka.

Ramadhani na Sikukuu mbwa wetu anabadilika. Kwa nini?

Usiku unageuka mchana. Watoto wako nje mpaka daku, ngoma zinapita, fataki zinalia, chakula chake kimehamishwa saa, na wageni hawaishi. Mfungie chumba cha nyuma kabla wageni hawajafika, na ufunguo uwe mfukoni kwako. Mimi nimejifunza kwa gharama ya shavu la mtoto wa dada yangu.

Mtoto ameumwa. Tufanye nini sasa hivi?

Mferejini. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayopita, dakika kumi na tano ukitazama saa, usikisie. Atalia, muoshe tu. Kirusi cha kichaa kinakuwa kwenye mate, na sabuni inakiua kabla hakijaingia kwenye mishipa ya fahamu. Kama una spiriti au aidini, pakaa baadaye. Usitie pilipili, petroli, chokaa wala majani.

Na hapa nisimame kidogo, kwa sababu nimeliona kwa macho yangu. Wapo wanaokimbilia udongo, kwa kuwa sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, tunajua palipoguswa na mate ya mbwa panaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hiyo ni tahara, na ina wakati wake. Ukisugua udongo kwenye jeraha bichi unaweza kumtia mtoto pepopunda. Sabuni na maji kwanza, hospitali pili, kisha muulize sheikh wako kuhusu jeraha lililo wazi.

Hospitali nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo na hata kama mbwa unamjua. Daktari ataamua chanjo: sindano zinakwenda kwa siku maalumu, ya kwanza siku hiyo, kisha siku ya 3, ya 7 na kuendelea, na jeraha la kina linaweza kuhitaji pia dawa ya kinga inayodungwa pale pale penye jeraha. Usiruke tarehe kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Dalili huchukua wiki chache mpaka miezi miwili mitatu, wengine zaidi, na zikishatokea karibu hakuna anayepona. Jeraha likiwezekana lisishonwe haraka. Mwachie daktari aamue hilo.

Si walisema kichaa cha mbwa Pemba kimekwisha?

Kilikwisha, kikarudi, kikaisha tena. Kampeni za kuchanja mbwa Pemba zilianza 2010, na kufika 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka kisiwani. 2016 ukaingia tena kutoka bara, ukaendelea mpaka 2018, ukazimwa kwa chanjo ile ile. Nilifurahi kama Mpemba, lakini funzo lake ni la bandarini: mbwa mmoja asiyechanjwa kwenye jahazi anatosha. Inatakiwa mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa ili ugonjwa usipate pa kushika. Watu wa afisi ya mifugo wakipita na chanjo, usiwafiche mbwa wa shamba kwa kuwa "huyu si wangu hasa".

Anayekwenda kununua Boerboel bara kwa sababu ya ulinzi, na asimdai muuzaji cheti cha chanjo, ananitisha zaidi kuliko Boerboel mwenyewe.

Dini inaruhusu kufuga mbwa nyumbani?

Mtafute sheikh, si mimi. Ninachokijua ni kile tulichofundishwa chuoni, yaani madrasa: mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa, na wasasi wetu wa nguruwe wamekuwa na mbwa tangu zama za mababu. Wa pambo sebuleni ni jambo jengine. Kwa wasiwasi wa mate ninamweka mbwa nje, ana sahani yake, na nguo za sala za watoto hazianikwi upande wake. Mpangilio huo huo, nimekuja kugundua, unazuia nusu ya ajali.

Mbwa wa jirani anaruka ukuta na watoto wangu wanaogopa. Nifanye nini?

Nenda kwa jirani kwanza, jioni, bila ya hasira, na mtaje mtoto: "Mwenzangu, mdogo wangu hathubutu kwenda dukani." Hakusikia, nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, na uwe na tarehe za siku mbwa alizotoka. Sumu usiweke. Sumu haichagui, na kuku wako na mtoto wa jirani mwengine wote wanaokota chini.

Watoto wanaokwenda chuoni na skuli kwa miguu niwafunze nini?

Wasikimbie. Mbwa akiwajia, wasimame wima kama mlingoti wa dau, mikono ubavuni, macho chini, midomo kimya, mpaka anuse aondoke. Akimwangusha, ajikunje, ngumi nyuma ya shingo, uso ndani. Mkoba wa skuli uwe mbele, baina yake na mbwa. Jiwe lisirushwe. Fanyeni mazoezi uani, mzee mmoja awe mbwa. Wangu wanacheka mpaka wanaanguka lakini wanakumbuka.

Mbwa wetu ameshamuuma mtoto. Tumuue?

Si leo. Akiuliwa na kuzikwa leo, daktari atakosa jambo kubwa la kumsaidia. Mfungie mahali salama kwa siku kumi, alishwe na mtu mzima tu, na daktari wa mifugo aarifiwe. Mbwa aliyekuwa na kichaa wakati wa kuuma hamalizi siku hizo akiwa mzima. Mtoto aanze chanjo huku mnangoja. Msingoje siku kumi ndipo aanze.

Baada ya hapo amua kwa jeraha lenyewe. Bosi aliuma mara moja akaachia, alikuwa amechanjwa, na alikuwa ameonya. Sikumuua. Nilimpeleka kwa mzee mmoja wa shamba, upande wa Makunduchi, asiye na watoto wadogo, nikamweleza kila kitu bila ya kuficha. Mbwa anayeshika na kutikisa, au anayeuma bila ya mtu kumgusa, huyo simhamishii mtu mwengine. Daktari wa mifugo anamlaza kwa sindano, asiamke tena.

Na paka je?

Paka naye huambukiza kichaa, na meno yake membamba huingiza uchafu ndani sana. Dakika kumi na tano zile zile, sabuni ile ile, hospitali ile ile.